Polipi Nilizozipunguza Kama Migomba

Mjukuu wangu Lusajo,

Huku Makandana hatujambo. Babu yako bado anabishana na redio. Umeuliza kama ukate polipi, vile vijidudu laini vya matumbawe, zilizojifunga kwenye tangi lako, ili nyingine zipate nafasi.

Nilipokuwa chuoni nilizipunguza za maabara kwa wembe, kama mama alivyopunguza machipukizi ya migomba kule Mpuguso. Kesho yake zote zilijifunga, hata zile nilizozipendelea.

"Wewe mkulima," mwenzangu wa darasa alinicheka, "hizo zimeunganika, tumbo lao ni moja."

Sikuzigusa tena. Siku ya tisa ikafunguka moja, iliyokuwa kando ya kidonda cha wembe. Sina hakika kama subira yangu ndiyo iliyoiponya. Kwa hiyo pima maji kwanza, huenda ndiyo yaliyozifunga, wembe usubiri, kisha uniandikie: kwako imeanza kufunguka ipi?

Bibi yako