Jaribio Dogo Tu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na mgongo wako umetulia. Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka, kwa hiyo nivumilie.

Uliniambia niachane na makampuni makubwa, niende kwa hawa wadogo wa teknolojia wanaotazama kazi ya mtu kabla ya vyeti. Nikakusikiliza. Nilikwenda kwenye kampuni moja iliyo juu ya duka la rangi: vyumba viwili, feni moja, na meneja ambaye kila akifungua mdomo anasema wao ni familia. Familia gani hiyo isiyompa mgeni hata maji!

Akasema kila mwombaji hufanya jaribio dogo tu. Langu lilikuwa kutengeneza ukurasa wa kuwekea miadi kwa daktari wa meno. Nikautengeneza kwa moyo wote, nikautuma. Kimya. Nikipiga simu, naambiwa nisubiri.

Juzi jino likaniuma, nikaenda kwa daktari wa meno wa mtaa wa pili. Dada wa mapokezi akasema siku hizi miadi inawekwa kwa simu, akanionyesha. Kaka, ulikuwa ukurasa wangu! Rangi zangu, hata yale maneno niliyowaandikia wagonjwa wasiogope. Jino lenyewe lilisahau kuuma.

Nikapanda ofisini kwa meneja mbiombio. Hakuona hata haya. Alicheka, akasema kila mwombaji huwaachia kipande, wao huunganisha na kuuza. Ala! Yaani jasho la wasio na kazi ndilo mtaji wao! Nikamwambia mla cha mwenziwe na chake huliwa. Basi akasema anapenda ukali wangu, akanipa kazi, ya mshahara kabisa: kuwatungia waombaji wapya majaribio.

Sasa nikuambie ninachomficha Mama. Tangu nilipotuma lile jaribio amekwisha kuwatangazia majirani kwamba nimepata kazi, na kazi hiyo nilipopewa nimeikataa palepale. Naomba umwambie wewe, maana mimi sina uso wa kumtazama.

Nilipokuwa nashuka, nilikuta waombaji watatu wameketi kwenye ngazi. Nikawaeleza yote. Wawili wakaondoka wakilaani. Wa tatu, mama mwenye mtoto mgongoni, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante mdogo wangu, akapanda juu. Sikuweza kumlaumu, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Msalimie wifi. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, na bado anatafuta.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba