Chumba Kinachotoa Jasho

Jumatatu, 3 Juni

Kipima unyevu asubuhi: 84. Themanini na nne! Rihani ninayootesha humu chini ya taa haitaki unyevu uvuke asilimia 60, na namba hiyo nimeikaririsha nyumba nzima kama jedwali la kuzidisha. Kuta zinatoa jasho. Matone kwenye majani, matone kwenye nailoni ya dirishani. Moja likaniingia shingoni nilipoinama, kama vile chumba kinanicheka.

Mume wangu akasimama mlangoni na kikombe chake. Kasema mimea inapenda maji, nahangaika nini? Samaki nao wanapenda maji, nikamwambia, lakini humu hatufugi samaki. Akaenda zake. Tangu apunguzwe kazini amekuwa Mtaalamu — wa kila kitu ambacho mikono yake haijagusa.

Mpishi mkuu wa ile hoteli kubwa anakuja Ijumaa kukagua. Akiridhika, jiko lake lote litachukua rihani kwangu, kila wiki, kwangu tu. Asiporidhika narudi kushona sare za watoto wa watu. Na mgongo wangu na cherehani vilishapeana talaka.

Jumanne, 4 Juni

Mtaalamu kanunua kipima chake. Changu kibovu, kasema. Kakitundika mbele ya mashine ya kukausha hewa, pale pale inapopulizia hewa kavu. Kikasoma 57. Akapiga makofi! Nikakitoa, nikakiweka katikati ya majani: 85. Kasema nimekishika vibaya. Ndivyo alivyo. Mwambie ana homa, atasema kipimajoto ndicho kinachougua.

Ila kuna kitu kinanitatiza. Mashine inafanya kazi, ndoo yake inajaa. Lita tisa kwa siku, nimepima. Lita tisa zinatoka hewani na namba haishuki hata kidogo. Zinarudi kwa mlango gani?

Jumatano, 5 Juni

Nimejua. Kwa mlango wa mama mkwe.

Nimeingia nikamkuta kaibeba ndoo ya mashine, anamwagilia. Chungu baada ya chungu, juu ya majani, huku anaimba! Kumbe ni kila asubuhi na kila jioni. Maji ya bure, kasema, tena masafi. "Mwanangu, wewe unayatupa, mimi nakuokotea."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mashine inavuta, mama anarudisha, mashine inavuta. Wengine hutwanga maji kwenye kinu cha kawaida. Mimi nimenunua kinu cha umeme.

Sikumfokea. Mkwe hafokewi. Nikamwambia, mama, kuanzia leo ndoo hii ni ya maua yako ya uani. "Kumbe! Si ungesema mapema?" — kana kwamba mimi ndiye niliyekamatwa na ndoo.

Basi nimepanga upya. Maji asubuhi tu, chini kwenye udongo, taa zikiwa zinawaka. Vyungu viachane, nafasi ya kiganja kati yao, hewa ipite. Feni ya juu itoe hewa hata taa zikizimwa, maana chumba kikipoa ndipo maji yanapotua kwenye majani. Nikafika rafu mbili za chini. Nikageuza jani. Nikageuza la pili, la tatu. Ukungu wa kijivu, mtupu!

Alhamisi, 6 Juni

Nimeng'oa. Rafu mbili kati ya sita, mimea yote ndani ya mifuko, nje. Mtaalamu kanifuata nyuma ananisihi: mgeni ataona mapengo! Afadhali kinywa chenye mapengo kuliko chenye meno yaliyooza, nikamwambia. Mama mkwe, mwenye meno manne, akadakia kutoka kwenye kiti chake: "Hapo umesema. Mbona mimi natafuna mpaka mfupa?"

Mchana 70. Jioni 61. Nimekaa nikaiangalia hiyo 61 kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyekubali kulala hatimaye.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi 59. Hamsini na tisa!! Nikatoka kununua vifungashio. Nimetoka kidogo tu.

Narudi — rafu zimejaa. Zote sita. Mtaalamu kaenda kwa muuza miche wa pale kona, kakodi mkokoteni, kaja kupanga rihani za watu kwenye rafu zangu. Zimelowa chapachapa, udongo ni tope. Nilipotikisa chungu kimoja, nzi weupe wakaruka kama unga. Kipima: 78. Na yeye anatabasamu. "Unaona? Hakuna pengo."

Toa, nikamwambia. Toa zote sasa hivi. Akashika chungu cha kwanza, honi ikalia getini.

Mama mkwe kamfungulia mpishi na kumwingiza moja kwa moja, mwanangu pita, karibu ndani. Mtu mfupi, mpole, kucha fupi safi. Vipima vyote viwili hakuvitazama. Akainama rafu ya chini kabisa, akachuma jani, akalisugua, akanusa. Akanusa tena. Akaenda rafu ya juu, kwenye zangu, akafanya vile vile. Halafu akauliza, taratibu kabisa: "Dada, hizi zote umeotesha mwenyewe?"

"Zote, bosi! Tangu mbegu!" Huyo ni mume wangu.

Mpishi hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema naomba nikalete mkasi, nimkatie za kuonja. Niko jikoni. Mama mkwe kachungulia, kauliza kwani naandika nini na mgeni kasimama. Nimemwambia nakuja.

Mkasi ninao mfukoni tangu asubuhi; ninachotafuta huku ni jibu la kumpa mpishi. Kule ndani namsikia mume wangu anacheka. Anacheka peke yake.