Makinda Wawili wa Chozi

Jumamosi, 4 Machi

Nina kamera! Kamera kweli, siyo ya simu. Mjomba amenunua mpya ya studio yake, hii ya zamani kanipa mimi. Mfuniko wa betri umeshikwa na selotepu. Haidhuru. Mama kasema nikiiangusha, na mimi nitaanguka nayo.

Picha ishirini na sita kabla ya chakula cha mchana. Mjusi ukutani — kakimbia, nimebaki na picha ya mkia. Konokono chini ya ndoo hakukimbia, namshukuru. Vunjajungu kwenye kamba ya nguo, kakunja mikono kama mtu anayesubiri kuhutubia. Siafu — hao walinipanda mguuni, picha imetoka ukungu mtupu!

Bibi alikuwa ananicheka kutoka dirishani kwake. Tangu avunjike mguu anakaa pale kutwa, mguu juu ya kigoda. Akaniita, akaninong'oneza kama mtu anayetoa siri ya nyumba. Ndani ya mlimau, hapo hapo mbele ya dirisha, kuna kiota cha chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua! Kinaning'inia kama soksi kuukuu. Makinda wawili ndani. Mama yao huja na chakula mara kumi na mbili kwa saa. Bibi amehesabu. Mama na Baba hawajui, kaniambia mimi tu.

Kaweka sharti moja: nipige picha nikiwa ndani, nisiguse hata jani.

Nikasema, ndiyo Bibi.

Jumapili, 5 Machi

Picha arobaini, zote majani. Giza. Kiota kinaonekana kama tope. Mjomba alikuja kunywa chai, akazipitia moja moja, hakucheka. Alisema tu picha ni nuru, pasipo nuru huna kitu hata uwe na kamera ya dhahabu.

Jumanne, 7 Machi

Nimefanya kitu.

Mama alimpeleka Bibi hospitali kuangaliwa mguu. Nilirudi kutoka shule, nyumba tupu. Nikachukua mkasi wa jikoni. Matawi matatu tu. Madogo. La tatu halikuwa dogo sana. Nimeyatupa shimo la taka, nikayafunika na maganda ya viazi.

Lakini nuru! Iliingia kama mtu kafungua mlango. Mama chozi akaja na buibui mdomoni, makinda wakafunua vinywa vyao vya njano, wote wawili, wakubwa kuliko vichwa vyao! Nikabonyeza.

Bibi karudi kachoka. Akauliza mbona jua linamchoma uso leo. Nikasema, jua la Machi, Bibi. Akavuta kanga kichwani akasinzia. Macho yake ya mbali hayaoni vizuri bila miwani, na miwani ilikuwa kwenye mkoba wa Mama.

Miwani nilimpa jioni. Akatazama mlimau kwa muda. Labda alifikiri ni upepo.

Jumatano, 8 Machi

Mjomba kairukia picha yangu! Kasema nuru imeingia vizuri mno, akauliza nimeipataje.

Nilisema nilisubiri.

Akamgeukia Mama: umeona, mpigapicha ni subira, huyu anayo. Ataichapa kubwa aibandike dirishani studio. Mama kawaambia majirani wote, mpaka muuza mkaa. Muuza mkaa kanipa mkono, sasa mkono wangu mweusi.

Ilinipasa kufurahi. Nilifurahi, kama dakika tano.

Alhamisi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa kumi hivi. Bibi kalala kitini, mdomo wazi kidogo. Mimi nje chini ya mlimau, kamera jichoni. Kunguru akatua tawini. Pale pale nilipokata — tawi tupu, pana, kama ubao wa kukalia. Sijawahi kumwona kunguru kwenye mlimau ule. Una miiba, una majani mengi. Ulikuwa na majani mengi.

Nilijua anataka nini. Nilijua kabisa! Ningepiga makofi tu. Ningerusha kandambili.

Kidole kikabonyeza. Kikabonyeza tena. Mara tatu. Ndipo nikapiga kelele, na kunguru alikuwa keshamchukua wa pili.

Bibi akashtuka. Nini? Nini huko? Akakiona kiota, kimechanika, kinapepea. Akasema: ni yule paka wa fundi cherehani, siyo? Jumatatu alimwona ukutani akiukodolea macho mlimau.

Nikaitikia kwa kichwa. Sijui nani alikitikisa kichwa changu. Ni mimi.

Halafu mama chozi akarudi na mdudu mdomoni. Akazunguka kiota. Akaenda, akarudi, mdudu yule yule. Bibi alihesabu mara nne kisha akaniambia, mjukuu wangu, nifungie pazia.

Ijumaa, 10 Machi

Bibi kamwita fundi. Duka lake liko ukuta kwa ukuta na sisi, alikuja na futi shingoni na uzi umemganda kwenye nywele. Nilitamani Bibi amgombeze. Hakugomba. Alisema taratibu, jirani, paka wako kaniulia watoto, mjukuu wangu kaona kwa macho yake.

Fundi akanitazama. Nami nikawa naangalia sakafu, nimeijua sakafu ile mpaka nyufa zake.

Akasema, pole mama. Nitamwondoa.

Na kamwondoa leo leo! Kampa mwenye bekari ng'ambo ya daraja, mteja wake. Paka mwenyewe anaitwa Bobini, ana doa jeusi mgongoni duara kama bobini ya uzi. Nilimwona akitiwa kwenye katoni ya vifungo, fundi kaitoboa matundu kwa mkasi. Alilia njia nzima mpaka pikipiki ikapinda kona.

Paka wa watu kaangushiwa jumba bovu. Mwenye jumba ni mimi.

Jumamosi, 11 Machi

Picha iko dirishani studio. Mama kanivuta twende tukaione. Watu wanasimama! Mwanamke mmoja alimwambia mtoto wake aangalie jinsi wanavyopendeza. Nikamvuta Mama mkono tuondoke.

Nimejaribu kufuta picha za kunguru. Ya kwanza nimefuta. Ya pili nimefuta. Ya tatu kidole kimegoma. Jumanne hakikugoma kitu, juzi hakikugoma kitu, leo ndiyo kinajifanya kina dini.

Sikula mchana. Mama akamwambia Baba, mwacheni, ana moyo mwepesi, anawalilia ndege wake. Baba akanipa nyama yake. Nyama ya Baba!

Jumapili, 12 Machi

Sikupiga picha. Pazia la Bibi bado limefungwa. Kaniuliza mbona sichezi na kamera. Nikasema betri.

Jumatatu, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la fundi, daftari juu ya mkoba wa shule. Mama kanituma sketi yangu ishushwe pindo. Nilitaka kuiacha mlangoni nikimbie.

Nilimwamkia. Akaitikia vizuri kabisa, kama siku zote, hilo ndilo lililonimaliza. Nikaivaa sketi nyuma ya pazia, akanisimamisha kwenye stuli, akapiga magoti kupima, pini mdomoni. Nikaangalia utosi wake, nikasema: fundi, hakuwa Bobini.

Akatoa pini mdomoni. Moja moja. Nne.

"Najua," akasema. "Alhamisi saa zile alikuwa amelala pale kwenye vipande vya vitambaa. Nilimruka mara mbili nikichukua pasi."

Nikamuuliza, mbona hukusema?

"Niseme nini, mwanangu? Bibi yako mguu umevunjika, ndege wake wameliwa. Nibishane na mgonjwa kwa ajili ya paka? Tunachangia ukuta."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Alichoma pini kwenye pindo, ya kwanza, ya pili.

"Lakini bibi yako alisema umeona kwa macho yako. Haya. Uliona nini?"

Nilifungua mdomo. Hapo hapo akaingia bwana mmoja, suruali imechanika nyuma, kashikilia faili kuziba, ana usaili saa kumi na moja! Fundi akaniambia kaa pale, usiondoke. Bwana kakaa nyuma ya pazia na miguu yake mitupu inaonekana, anaomba radhi kila dakika. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke.

Mlango uko wazi. Hatua sita. Nimezihesabu.

Pale kwenye vipande vya vitambaa pana shimo la mviringo, bado lina manyoya.

Cherehani imenyamaza. Bwana anavaa, anashukuru, anashukuru tena, ametoka. Fundi anakata uzi kwa meno. Haniangalii. Anavuta kiti cha pili, anakiweka mbele ya chake, anakipangusa vumbi kwa kiganja. Ni changu. Naweka kalamu, nitaanzia kwenye mkasi.