Kifaa Katika Shamba la Nyanya

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba. Hapa hatujambo, kikohozi cha babu yako kimepungua, na mama yako ameshavuna mpunga. Umeniuliza kama ni ujinga unaowafanya wanakijiji wang'oe vipima unyevu unavyoweka mashambani mwao. Hata mimi niliwahi kukiogopa kifaa hicho.

Miaka ya tisini, nikiwa bado nalea watoto huku Geita, bwana shamba alikuja kwenye nyanya tulizomwagilia kwa mfereji. Alitoboa udongo, akazamisha bomba lenye uso kama wa saa, la kutuonyesha udongo unapokauka. Kwenye kijiji cha jirani mambo yalianza hivyohivyo: wageni walitoboa ardhi, wakakuta dhahabu, watu wakahamishwa. Wanaume wetu walikuja na mapanga, wakamzunguka bwana shamba. Nilijua damu itamwagika shambani kwangu.

Jirani yangu Mama Kulwa, mmoja wa wale waliohamishwa, akapenya katikati yao.

"Nikisema ukitoe kifaa hiki, utakitoa?"

"Nitakitoa, mama," akajibu bwana shamba.

"Haya, kitoe."

Akakichomoa, akafukia shimo, akaanza kufunga mizigo yake. Mama Kulwa alimtazama mpaka akamaliza.

"Sasa njoo ukiweke kwangu," akasema.

Mapanga yakashuka. Baadaye aliniambia kwamba wale wa dhahabu nao aliwaambia watoe vyombo vyao, hawakumsikiliza.

Sijui hao wa huko wanaogopa nini, baba. Nadhani kuna jambo waliloliona kabla hujafika wewe.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea huko uliko.