Kutu ya Upanga wa Bwana Armand

Brussels, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Kikohozi kimekuacha, au bado unachomelea mageti bila kufunika pua? Sisi ni wazima. Mama anakula, ila halali vizuri. Mimi nasoma, na mwalimu akiniuliza swali bado naangalia viatu vyangu.

Nakuandikia kwa sababu tukipiga simu Mama yuko karibu na anasikia kila neno. Alikwambia faili lako la kuja huku limechelewa ofisini. Baba, halikuchelewa. Lilitegemea mkataba wa kazi wa Mama, na mkataba huo haupo tena. Nataka ujue ulivyopotea.

Mama alikuwa akimwogesha na kumpikia Bwana Armand, yule mzee wa Etterbeek. Ujanani aliishi Kongo, na Kiswahili chake ni cha kuamuru tu: leta, ondoa, nyamaza. Sebuleni kwake kulitundikwa panga mbili za Kijapani. Mmoja ni wa zamani sana, aliurithi kwa baba yake. Wa pili ni wa kuiga. Luc, mtoto wa mdogo wake, aliununua kwenye soko la Jumapili pale Midi.

Wewe fundi utaelewa tofauti. Ule wa kweli, mhunzi alikunja chuma na kukifua, akakikunja tena, akayafanya makali kuwa magumu na mgongo akauacha laini kidogo ili usivunjike. Chuma chenyewe kinaendelea mpaka ndani ya mpini, kipana, na kinashikiliwa na kijiti cha mwanzi tu. Ule wa kuiga unang'aa kote, lakini ndani ya mpini kuna kipande chembamba kilichochomelewa. Siku moja Luc aliuzungusha kuwachekesha wageni, chuma kikachomoka kikachoma kochi, yeye akabaki na mpini mkononi. Wakaugandisha kwa gundi, wakautundika tena.

Nikitoka shule nilikuwa namsomea mzee kitabu cha panga nilichoazima maktaba. Kinasema sehemu iliyo ndani ya mpini haisafishwi kamwe. Ile kutu nyeusi ndiyo inayoonyesha umri wa upanga, na jina la mhunzi limechongwa hapo hapo. Ukiisugua, thamani imekwisha.

"Rudilia hapo, mutoto," akasema. "Unasoma kama padri asiye na meno."

Nikarudia. Akacheka peke yake.

Yeye na Luc hawapendani. Luc akija, huutazama kwanza ule upanga wa kweli ndipo amsalimie baba yake mkubwa. Kila mtu pale alijua anasubiri kuuza.

Wiki iliyofuata nilimkuta Mama jikoni na siki na msasa, jasho linamtoka. Mpini ulikuwa umefunguliwa, kijiti cha mwanzi kiko mezani. Bwana Armand alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, anaangalia kama mtu anayetazama mpira.

"Mama Zainabu, bado kule. Ikuwe sawa na ile ingine."

"Uchafu huu ni wa tangu enzi za Nuhu, Bwana," Mama akasema akicheka. "Leo umenikuta mimi!"

"Mama, acha," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Mutoto, nyamaza," akasema mzee. Chuma kilikuwa cheupe tayari, na jina la mhunzi halisomeki.

Luc akaja jioni. Mama akamwonyesha mwenyewe, kwa furaha: "Voilà, monsieur, safi kabisa."

Luc alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baba, mimi ninayeogopa hata kuagiza mkate, nilisema kwa Kifaransa, ambacho Mama anakijua kidogo tu: "Bwana Armand ndiye aliyemwambia. Alijua. Nilimsomea mimi."

Bwana Armand akalegeza mdomo. "Msichana huyu ni nani?" akauliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya mgonjwa. "Nani amemwingiza humu?"

Luc akamwambia Mama kazi imekwisha, tuchukue makoti yetu. Alipotoka kupiga simu, mzee akakaa sawa, macho yanang'aa. "Sasa atauzisha nini?" akasema kwa Kiswahili. "Mama, leta chai mbele ya kwenda."

Na Mama akampelekea, na sukari kama anavyopenda.

Kwenye tramu ya kurudi Berchem, Mama aliniuliza, "Kwani niliacha doa wapi?" Nikajibu sijui. Bado ananiuliza, akiosha vyombo. Sijamwambia kwamba hakuacha hata moja. Na wewe, Baba, tafadhali usimwambie.

Msalimie Hamisi, mwanafunzi wako. Mwambie akurudishie funguo za karakana ulizomwachia kwa ajili ya safari. Msalimie shangazi Mwajuma aliyekwisha kuhamia chumbani kwako. Atoke taratibu, hana kosa. Na bibi, mama yako, mwambie aache kulia. Hakuna anayeondoka.

Ni mimi mwanao,
Zainabu