Kilichopikwa Ndani ya Gari Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI (YA PILI)

Kituo cha polisi, kartie (mtaa) ya Jabe, Bujumbura
Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu na nusu asubuhi
Jina: Houda Ramadhani
Umri: miaka 49
Kazi: mpishi wa sherehe
Makazi: Jabe, nyuma ya soko
Lugha: Kiswahili, kwa ombi lake mwenyewe
Mwandikaji: afisa wa polisi wa upelelezi (OPJ) Hyacinthe Barandagiye

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Jumapili nilikaa kwenye kiti hiki hiki nikamshtaki Karimu Mossi, fundi magari wa mtaa wa Cibitoke, aliyekuwa mume wangu, kwamba ameiua gari yangu. Jana mlimkamata na sasa yuko huko nyuma, nimemsikia akikohoa wakati naingia. Afande ameniambia nifupishe. Sitafupisha. Miaka ishirini na mbili nilikatishwa maneno nyumbani kwangu, leo serikali inaniandikia, nitasema yote kwa mpangilio wake.

Gari yenyewe ni Toyota nyeupe ya zamani. Niliinunua kwa sufuria zangu: pilau za harusi, za maulidi, za matanga. Kiti cha nyuma nilikitoa ili sufuria ziingie. Sufuria ya watu mia mbili haipandi basi. Bila gari mimi ni mpishi wa Jabe tu, na Jabe watu hawaoi kila wiki.

Mnamo mwezi wa pili mwaka huu Karimu alinipa talaka mbele ya sheikh na wazee wawili. Alisema gari ni yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Mzee mmoja akamuuliza ni nani aliyeinunua. Gari ikawa yangu. Karimu akasimama, akavaa viatu vyake mlangoni, akasema wote wakisikia: "Chukua. Siku itakohoa utakuja kunipigia magoti, mama Sumaya. Na hakuna fundi mu Cibitoke atafungua hiyo gari." Sumaya ni binti yetu, ameolewa Rumonge. Sheikh alimwambia aseme astaghfirullah. Hakusema.

Siku ile niliapa kwamba goti langu litagusa mkeka wa swala tu, basi.

Mwezi wa saba radiateri ikaanza kuvuja. Nikaenda Cibitoke, nikapita garage tatu. Ya kwanza ni ya Armel, kijana ambaye amekula kwangu mpaka akaota kitambi. Aliniangalia viatu, hakuniangalia uso. Akasema: "Mama, mi sina shida na we. Lakini jeki ni ya Karimu, ampere-mita ni ya Karimu. Nikifungua kapo yako leo, kesho sifanyi kazi." Wa pili alisema ana wateja wengi, na pale hapakuwa na gari hata moja. Wa tatu aliingia ndani akafunga mlango. Hao wote nimewaweka moyoni, kila mmoja na mahali pake.

Ijumaa tarehe 8 Agosti, baada ya swala ya Ijumaa, Karimu alipita kwenye parcelle, ua wa wapangaji ninaokaa. Alisema anamletea Sumaya viatu vyake alivyosahau, kama vile Sumaya anaishi kwangu. Gari ilikuwa uani. Akaweka mkono juu ya kapo, kile kifuniko cha injini, akainama, akaangalia maji yanavyodondoka chini. Akasema: "Inakojoa." Halafu akacheka, akaongeza neno moja: "Ngoja." Akaondoka.

Jumamosi tarehe 9, saa nane mchana, Médiatrice Nizigama akanikuta nimekaa mbele ya gari nimeshika tama. Médiatrice tunajuana naye mwaka wa kumi sasa, na tangu talaka tunakaa parcelle moja. Ni mkatoliki, anafanya kazi ofisini, ni rafiki yangu wa kweli; siku ya talaka yeye ndiye alinipa chai. Akasema: "Houda, we unangoja nini? Tutaitengeneza sisi wenyewe. Hao wanaume walizaliwa na spana mkononi?" Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile.

Tukafungua kapo. Tukakuta mpira unaopeleka maji umepasuka, tukaufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, tukakaza mpaka mikono ikauma. Ile kazi tuliifanya vizuri, na hata leo ule mpira haujaachia. Lakini maji yakawa bado yanatoka chini kabisa, kwenye tumbo la radiateri, mahali jicho halifiki. Ikaadhiniwa alasiri. Nikaingia ndani kuswali.

Niliporudi nilimkuta Médiatrice anajifuta mikono kwenye kitenge, uso umemng'aa. Akasema: "Haivuji tena." Nikainama, nikaona pamekauka. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema: "Nimefunga." Nikamkumbatia. Nikasema kwa sauti, "Karimu, ufe na jeki yako." Afande ameuliza kama hilo aliandike. Aliandike.

Jumapili tarehe 10, saa tatu asubuhi, nilipakia sufuria za pilau za harusi ya watu wa Cibitoke. Ipo njia fupi ya kufika kwenye ile harusi. Sikuipita. Nilipita mbele ya garage ya Karimu, na kila mtu mu Bujumbura anajua essence, petroli, ilivyo ngumu kupatikana siku hizi, mtu anainunua kwa kujificha, kwenye bidoni, yaani madumu. Mimi nikaichoma ya kuzunguka kwa makusudi. Nilikuwa nimevaa mtandio mpya. Kioo nilikishusha. Alikuwa amesimama nje na mafundi wenzake, nikapiga honi mara mbili, nikamtazama usoni. Akanitazama. Niseme ukweli, afande, sijawahi kula kitu kitamu kama ile dakika.

Sikufika kona. Moshi mweupe ukatoka mbele, gari ikaanza kutetemeka, ikapiga kelele ya chuma, ikazima. Nikasikia harufu ya chakula. Nikadhani ni pilau yangu, au jirani anapika. Nikashuka.

Karimu akaja polepole anajifuta mikono, na wenzake nyuma yake. Akauliza: "Nikusaidie?" Akasimama pale pale, hakunyoosha kidole. Halafu akasema: "Magoti yako iko wapi, mama Sumaya?" Wakacheka wote. Armel naye akacheka, na kitambi chake. Mimi sikulia na sikuinama. Nilikodi vijana wa mkokoteni, sufuria zikaenda hivyo, pilau ikafika imepoa. Mama wa bibi harusi hakunitukana, alinishika bega tu akasema pole. Ningependa angenitukana.

Nilirudi kwenye gari injini ilipopoa. Nikafungua kifuniko cha radiateri kwa kitambaa. Kikatoka kitu cheupe, kizito, kinajivuta. Nikasema moyoni ni gundi. Nikaukumbuka ule mkono wa Ijumaa na lile neno "Ngoja." Nikaja hapa moja kwa moja, bado nanuka kitunguu.

Hapa sasa naomba afande aandike vizuri. Katika maelezo yangu ya kwanza nilisema nilimwona Karimu akifungua kapo. Hilo sikuliona. Niliona mkono juu ya kapo, mengine nikayaongeza mimi. Kama lina adhabu yake, nitaibeba.

Jana Jumatatu mlimkamata mbele ya mafundi wote. Niliambiwa sokoni. Nilinunua mukeke mkubwa wa ziwani, nikaukaanga, nikaula wote peke yangu. Nikalala usingizi ambao sijaupata tangu mwezi wa pili.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na kitu, Médiatrice amegonga mlango wangu. Tangu Jumapili baada ya misa alikuwa Musaga kwa dada yake mgonjwa, amerudi leo alfajiri, habari ameikuta bombani kwa wanawake wanaochota maji. Hakusalimu. Aliniuliza: "Houda, ile kitu nyeupe ya mu radiateri, ilikuwa nguvu namna gani?"

Nikamwambia nguvu sana, nzito kama gundi.

Akasema: "Nguvu ya kukata na kijiko?"

Nikaweka chini chungio nililokuwa nimelishika. Akaanza kueleza haraka haraka. Mjomba wake alikuwa dereva wa lori, radiateri ikivuja barabarani alikuwa anapasua yai anamimina ndani, yai linaiva kwa moto, linaziba tundu, anafika safari. Jumamosi nikiwa naswali alitafuta mayai jikoni kwangu akakosa, yote nilikuwa nimeyatumia kwenye keki za harusi. Juu ya meza akaona unga wa muhogo. Akasema: "Nilifikiri unga unashika kuliko yai."

Nikamuuliza aliweka kiasi gani. Akasema kikombe. Nikamtazama. Akasema viwili. Nikaendelea kumtazama. Akasema: "Bakuli. Ile ya bluu."

Tukaenda wote kwenye gari, vijana wa mkokoteni walikuwa wameisukuma mpaka uani. Nikachota kwa kidole. Ugali wa muhogo, afande. Tena umeiva, hauna hata donge. Umejaa radiateri nzima, umeingia mpaka kwenye njia za injini, na kichwa cha injini kimepinda kwa moto. Mimi nimesonga ugali huo tangu nina miaka saba, nimelisha nusu ya mji huu, na ulipopikwa ndani ya gari yangu mwenyewe sikuutambua. Jumapili niliunusa na pua yangu hii. Hasira ilikuwa imeiziba.

Médiatrice alilia. Akasema atakuja hapa aseme ni yeye, afungwe yeye. Nilimwambia akae chini anyamaze, nataka kufikiri.

Nitasema nilichofikiri, kwa sababu afande ameniuliza kwa nini nimekuja. Kwanza nilifikiri kunyamaza. Tulikuwa wawili tu tunaojua, na Médiatrice nikimwambia funga mdomo anafunga. Karimu angepelekwa parquet kwa mwendesha mashtaka, angelala chini na mbu, angekula anachopewa. Nilimwona kabisa. Nilikaa na picha ile muda mzuri, na sikuona aibu yoyote.

Halafu nikakumbuka nilichosikia bombani jana jioni: mke wa Armel amemletea uji hapa kituoni. Sheikh amemwombea dua msikitini. Mafundi wamechanga kumtafutia wakili. Mwezi wa pili, mimi nilipotoka na sufuria zangu na begi moja, hakuna aliyenichangia hata kijiko. Nikaelewa. Huyu mtu akikaa ndani kwa kosa ambalo hakufanya, atatoka amekonda, atatoka mtu mwema. Cibitoke yote itasema maskini Karimu, amefungwa na yule mwanamke. Garage tatu zilizonifungia mlango hakuna atakayezikumbuka. Yale maneno ya magoti yatafutika.

Mimi sitaki Karimu aonewe huruma hata ya siku moja. Alinifanyia ya kwake, ya kweli, na ninataka abaki nayo. Sitakubali yaoshwe na kosa la unga.

Kwa hiyo ninaomba aachiliwe leo. Si kwa mapenzi, na si kwa sababu nimesamehe, maana sijasamehe. Ninaomba asomewe karatasi hii yote, polepole, na mlango uwe wazi, kwa sababu mafundi wenzake wamekaa pale nje kwenye kivuli na Armel nimemwona. Asomewe ile sehemu ya garage tatu. Asomewe ile sehemu ya honi. Na aambiwe kwamba aliyemtoa ni mimi. Si wakili wao, si dua, si uji. Ni mimi Houda, kwa mkono wangu. Afande amesema kufunga garage kwa mtu si kosa la polisi. Sawa. Aliandike hivyo hivyo.

Kuhusu Médiatrice, simshtaki. Yuko nje kwenye benchi na termosi ya chai, anadhani nitakunywa. Sijamsamehe naye. Mpaka gari ile ipone, kila sufuria yangu ina masikio mawili: moja nitashika mimi, moja atashika yeye na viatu vyake vya ofisini, kutoka Jabe mpaka harusi itakakokuwa, hata kama ni Musaga mlimani. Ameshakubali. Fundi wa kuitengeneza atatoka mbali, nitamtafuta mpaka Gitega, na siku atakayomaliza nitapita tena njia ile ile, kioo chini.

Hakuna nililolificha. Nimesomewa tangu mwanzo mpaka hapa, na pale afande alipotaka kulainisha maneno nimekataa.

(Sahihi) Houda Ramadhani

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amesomewa na kutia sahihi mbele yangu. Ameonywa kwa kuongeza asichokiona katika maelezo yake ya kwanza. Nilimpa kiti wakati wa kuonywa, akachagua kusimama. Karimu Mossi ameletwa na kusomewa maelezo yote, mlango ukiwa wazi kama ilivyoombwa. Aliuliza swali moja, unga ulikuwa kiasi gani, akajibiwa na watu waliokuwa nje. Ameachiliwa saa tano na robo. Alipoelezwa kwamba yuko huru kwa maelezo ya Houda Ramadhani, alisema afadhali angoje wakili, akarudi kukaa kwenye benchi ya mahabusu. Nimemwambia mara mbili kwamba anaweza kwenda.

OPJ Hyacinthe Barandagiye