Stesheni Ndani ya Sanduku la Sabuni

Malaba,
9 Septemba 1967.

Dada yangu mpendwa Apeduno,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa ndugu yako wa tumbo moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Port Victoria, wewe na kijana wetu Ojiambo, mkewe, na huyo mgeni mdogo aliyefika mwezi uliopita. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Euphrasia anasema usiwe unauingiza kwenye maji ya ziwa kila asubuhi, ingawa najua ushauri wa mke wangu hujawahi kuufuata hata siku moja. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mengine utayasoma.

Barua yako niliipata. Niliisoma kazini, nikaikunja, nikaisoma tena nyumbani. Unasema Ojiambo anataka mtoto aitwe Okwara, jina la babu yake, na wazee wa kwa mumeo wamekataa katakata kwa sababu jina la mtu aliyejiua halipewi mtoto. Ndiyo desturi ileile iliyomzika mumeo nje ya ua miaka sita iliyopita, na wewe ukakatazwa kumlilia. Sasa unaniuliza mimi niliyekuwepo, kama huenda aliteleza. Umeandika kwamba hata kama ni kidogo tu, niseme aliteleza. Nitakujibu, dada. Ila nivumilie nianze na habari za Papa na sanduku, maana nisipopitia humo sitalifikia jibu.

Unajua kwamba tangu Papa apofuke nilimtoa Amukura nikamleta hapa kwenye nyumba za reli. Kutwa anakaa barazani akisikiliza. Gari la mizigo likipita anakwambia lina mabehewa mangapi na lipi halina kitu ndani, na dereva akifunga breki vibaya anamtukana kwa Kiteso mpaka majirani wanacheka. Mwezi wa tano akaanza kusema anataka kuiona stesheni mara moja tena kabla hajafa. Yeye ndiye aliyekuwa nyapara wa genge, na nusu ya reli za hapa zililazwa mbele ya macho yake. Kumtembeza relini haiwezekani, mkuu wa stesheni amekataa, na ana haki. Nikamwambia Papa kwamba kama yeye hawezi kwenda stesheni, basi stesheni itakuja magotini pake.

Nikatafuta sanduku la mbao lililoletewa sabuni dukani. Urefu wake haufiki hata mkono wangu. Muzafaru, yule fundi baiskeli anayetoka Busia siku za soko, akanipa spoku zilizopinda, nikazinyoosha zikawa reli. Mataruma, yale magogo ya kulalia reli, ni njiti za kiberiti, mia tatu na kitu, na Euphrasia alilalamika kwamba mtu mzima anamaliza viberiti vya jikoni kwa michezo ya watoto. Injini nilichonga kwa kipande cha mvule, magurudumu yake ni vifungo vya shati. Pointi nazo zinageuka kweli, dada! Nilizifunga kwa pini, ukisukuma mkono wake mdogo kwa kucha, njia inahama. Kifuniko nilikitia bawaba za ngozi, ili sanduku likifungwa libebeke kwapani.

Papa hakutaka mzaha katika vipimo. Aliniamuru nikaipime stesheni kwa miguu, hatua kumi ziwe upana wa kidole kimoja. Kila nilipotoka kazini nilihesabu hatua, nikarudi kumsomea, naye akabisha, nikaenda kuhesabu tena. Godauni la pamba lilinisumbua zaidi. Nililijenga kwa kibati cha kopo la mafuta, nikalibomoa mara mbili kwa kuwa Papa alisema limekaa nje ya mahali pake kwa nusu kidole. Na kweli, lilikuwa limekaa nje. Nakiri nilijivuna. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na najua sitatengeneza kingine.

Siku nilipomwekea sanduku magotini alipapasa kingo zake kwanza. Vidole vyake vikaingia njia kuu kutoka upande wa Bungoma, vikapita jukwaani, vikaenda taratibu mpaka mwisho wa sanduku upande wa daraja la Uganda. Kisha akacheka, dada. Tangu tumzike mama sikuwa nimemsikia akicheka vile. Akamwita Euphrasia aje aone, akamwonyesha mahali alipong'atwa na nyoka mwaka wa kwanza wa kazi, na mahali ambapo mama alikuwa akimletea uji. Aliiendesha ile injini mpaka chakula kikapoa. Siku nne hivi tulikuwa na furaha nyumbani.

Siku ya tano aliomba punje mbili za mahindi. Akaniambia niiweke moja mahali Okwara alipofia, ili aende kumwamkua mkwewe, kwa vile msibani hatukuruhusiwa kukaa. Nikaiweka kwenye njia ya pembeni, nyuma ya godauni, mahali ambapo mumeo alikuwa akiandika namba za mabehewa. Akaigusa, akainamisha kichwa, akamwombea. Kisha akaniambia niweke ya pili mahali nilipokuwa nimesimama mimi wakati ule nikimpungia dereva bendera ya kijani. Nami kwa upumbavu wangu, kwa kuwa nilizoea kumpa vipimo vya kweli, nikaiweka kwenye mkono wa pointi, upande wa pili wa godauni.

Papa akaomba uzi. Akashika ncha moja kwenye punje yangu, ncha nyingine kwenye punje ya Okwara, akauvuta. Uzi ukagonga ukuta wa kibati. Akaulegeza, akauvuta tena, ukagonga tena. Akapima kwa vidole kutoka punje yangu hadi pembe ya godauni, vidole vinne, yaani hatua arobaini. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeulizia njia, kwamba nilimwonaje Okwara akiingia kati ya mabehewa, kama nilivyowaambia wakubwa wa reli, ikiwa yeye kipofu ameona kwamba haiwezekani.

Nilifunga kifuniko nikatoka nje.

Tangu jioni ile Papa hanishiki mkono. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka chooni, nikimuogesha, nikimwelekeza mkono kwenye sahani. Sasa anamwita Euphrasia, na Euphrasia asipokuwepo anapapasa ukuta peke yake. Juzi alianguka penye ngazi. Nilikimbia kumwinua, akaniambia nimwache, atainuka mwenyewe, na akainuka. Hajanitukana wala hajamwambia mtu. Amesema neno moja tu, kwamba ana binti Port Victoria ambaye kwa miaka sita hajui kwa nini mumewe alimwacha.

Basi nakujibu, dada. Okwara hakuteleza. Wala hakujiua. Ni mimi.

Kanuni yetu ni kwamba mtu wa pointi, kabla ya kuruhusu mabehewa kuingia njia ile ya pembeni, anakwenda kwanza mpaka pembe ya godauni, anatazama, anaita, ndipo anarudi kupunga bendera. Ile bendera ya kijani maana yake ni kwamba nimetazama. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda mara kumi na moja, na mara zote njia ilikuwa wazi. Jua lilikuwa kali. Mara ya kumi na mbili sikwenda. Nilipunga bendera nikiwa palepale, dereva akasukuma, nikasikia mlio ambao ningali nausikia.

Nilipofika nilimkuta kati ya mabehewa mawili na chaki mkononi. Kwenye behewa alikuwa ameandika tarakimu tatu, na namba zetu ni za tarakimu tano. Mtu anayetaka kufa haanzi kuandika namba. Mimi nililiona hilo kabla ya watu wengine kufika, nikazifuta tarakimu zile kwa mkono wa koti langu. Nimeandika sentensi hiyo kwa shida kuliko zote, nayo ndiyo ya kweli kuliko zote.

Wakubwa walipokuja kuuliza, walikaa ofisini na chai yao, hakuna aliyetoka kwenda kutazama. Nikasema nilitazama na njia ilikuwa wazi. Wakauliza, kama ilikuwa wazi, yule mtu alitoka wapi? Uongo wa kwanza ukadai wa pili, nikasema nilimwona akijiingiza mwenyewe. Nani angemshuku shemeji wa marehemu? Sikujua kwamba neno lile litafika kwenu na kumtoa nje ya ua wake. Lilipofika nilijua, na nikanyamaza. Nilisimama kwenye mazishi yale yasiyo na kilio, nikakutazama umeuma kanga yako ili sauti isitoke, na bado nikanyamaza. Naona haya, Apeduno. Sina neno jingine la kuliita.

Usijiulize tena ulimkosea nini. Asubuhi ile alinipitia akanionyesha kiatu chake, akasema Jumamosi akifika nyumbani utamgombeza kwa kukichana. Alikuwa anarudi kwako.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu wa stesheni yote, naye ameandika. Sijui watanifanya nini, na sikuombi uniombee. Barua hii nampa dereva wa basi ili initangulie. Isome mbele ya wazee, wote wakiwepo, hata kabla sijafika. Jumamosi ijayo nitakuja kusema kwa kinywa changu mbele ya wakwe zako, na wakitaka kunipiga, nitakaa chini wanipige. Kama hutaki nivuke mlango wako, mtume Ojiambo anipokee kituoni aniambie, nami nitasemea hukohuko barabarani kisha nirudi. Mtoto apewe jina la babu yake. Na babu mwenyewe aletwe azikwe ndani ya ua.

Euphrasia anakusalimu, amelia tangu jana na hataki kuzungumza nami. Papa anakusalimu sana. Nilimwomba maneno ya kukuandikia, akasema nikuambie kwamba sasa una ruhusa, ulie kwa sauti yako yote, na asikunyamazishe mtu.

Ni mimi, na sijui kama bado ni ndugu yako,
Egwang, mwana wa Emukule.